Wa Mwisho Kutoka

Nyumbani, 14 Januari

Mwanangu,

Pokea salamu zangu. Huku hatujambo. Paa la nyuma limekwisha, na limelipwa lote mkononi. Fundi alinishauri nikakope benki nimalize na ukumbi kwa mkupuo mmoja. Nikamwambia anayelala chini ya paa la benki asiseme ana nyumba. Mwenye duka la dawa hapo jirani ameoa tena, safari hii kaoa mwanamke anayejua hesabu, kwa hiyo ndoa haitafika mbali. Mdogo wako hajambo.

Sasa wewe. Jana alikuja ofisini kwangu bungeni mama mmoja wa shirika la msaada akaniambia uko hai, kwamba wewe na wenzako kumi mlichukuliwa kule kilimani na mnashikiliwa ng'ambo ya mto. Nikamwambia asante. Alitegemea nilie, alikuja na leso kabisa. Mwishowe akaitumia mwenyewe.

Wameomba mbadilishwe na watu wao arobaini tulionao gerezani. Mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya ulinzi, na msimamo wangu umeusikia tangu ukiwa na meno ya utoto: nchi hainunui watu wake. Ukimnunua mmoja, umewawekea bei wote waliobaki, na kesho watakuja kuchukua wengine kwa bei hiyohiyo. Nimesema hivyo kwenye kamati kabla sijajua umo, na nimerudia leo nikijua.

Kula unachopewa. Usilie mbele yao. Usiandike mambo ya jeshi, barua zinasomwa pande zote mbili.

Shangazi yako.


Ghalani, 2 Machi

Shangazi, shikamoo.

Barua yako imenifikia jana, imefunguliwa na kubandikwa upya kwa uji wa unga. Aliyenipa ni mkuu wa kambi mwenyewe. Kabla ya vita alikuwa mwalimu wa jiografia. Akaniambia, "Shangazi yako ana mwandiko mzuri. Angenifundisha huyu, ningefaulu au ningekufa." Nikamwambia wengi wetu tulifanya yote mawili.

Familia yangu ya huku haijambo. Tunalala kwenye ghala la kiwanda cha pamba. Sajenti ndiye baba mwenye nyumba, anagawa maji na anaamua nani alale karibu na mlango. Mpishi wetu anaumia kuliko sote, kwa sababu anajua wenzake wa huku wanavyokosea. Dereva ndiye ananibeba kwenda msalani. Nina kipande cha chuma chini ya goti la kushoto na mguu haukubali kukanyaga. Umeanza kunuka. Dereva anasema ni harufu ya betri iliyomwagika, hakuna cha kuogopa. Hiyo ndiyo faraja ya watu wa gereji.

Shangazi, kile kilima hakikuwa na maji. Hii si siri, maana wenyewe ndio wanaokikalia sasa. Tuliomba kwa redio turudi mpaka darajani tukajipange upya. Jibu likaja: kamati imesema kilima hakiachwi. Tukawa tunakinga mvua kwa kofia za chuma, halafu mvua ikakata. Siku walipopanda, nusu yetu hatukuweza hata kusimama. Sikulaumu. Nataka tu ujue kwamba neno lako lilitufikia kule juu, limenyooka vilevile kama unavyolisema mezani.

Hao arobaini, mkuu wa kambi anasema wengi ni wachunga ng'ombe waliokutwa upande usio wao. Sijui kama ni kweli. Naomba ufikirie upya. Nilitaka kuandika kwamba siombi kwa ajili yangu, lakini naomba kwa ajili yangu pia.

Mwambie mdogo wangu aandike hata mistari miwili chini ya barua yako. Hiyo "hajambo" yako naijua. Uliniandikia hivyohivyo baba alipokuwa anaumwa.

Mwanao.


Nyumbani, 20 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ina makosa mawili ya tahajia, na nusu ya pili imeandikwa kivivu. Kifungo si sababu.

Nyumbani salama. Tumepitisha ule muswada wangu wa elimu. Kuanzia mwaka ujao serikali haitamkopesha mtu fedha za kusomea kuimba, kuigiza wala kuchora. Anayetaka kuimba aimbe, lakini asiimbe kwa kodi ya muuza mkaa. Wanafunzi wakaandamana, mmoja akarusha yai likampata mlinzi wangu. Yai zima, la dukani. Nikawaambia waandishi wa habari: mmeona? Fedha wanazo.

Wewe mwenyewe ulinijia ukiwa kidato cha nne ukitaka kusomea piano. Nikakupeleka chuo cha maofisa. Leo unaweza kukaa na njaa na maumivu bila kupiga kelele. Piano isingekufundisha hilo.

Kuhusu maji, kamati haikuambiwa. Ningeambiwa, ningesema vilevile kwamba kilima hakiachwi, ila ningesema pia mpelekewe maji. Jeshi likirudi nyuma mara moja, miguu inazoea. Na hao wanaokushikilia usiwaite majirani hata kwa mdomo. Ni watu tu wanaokaa karibu. Waziri wetu wa mambo ya nje hajalielewa hilo, anadhani mkataba ni kupeana namba za simu.

Hata hivyo baraza la mawaziri limenishinda. Mtabadilishwa, kwa mafungu, majeruhi kwanza. Nilipinga mpaka mwisho na imeandikwa kwamba nilipinga. Yapo mengine yaliyoamuliwa kwenye kikao kile ambayo si ya kuandika kwenye barua.

Mdogo wako ana shughuli zake, hakupata nafasi ya kuandika.

Shangazi yako.


Ghalani, 11 Juni

Shangazi, shikamoo.

Sina habari za nyumbani za kukupa. Nitakueleza kilichotokea tu.

Fungu la kwanza limeondoka mwezi uliopita. Walitwambia asubuhi, majeruhi wanne, na mimi ndiye niliyekuwa mbele kwa sababu ya mguu. Wakanipakia kwenye lori nikiwa nimelala juu ya mlango uliong'olewa, ndio machela yetu. Mpishi alinifunga tumboni kitambaa chake cha kichwa nisidondoke. Sajenti akanipigia saluti, akanambia, "Luteni, ukifika kunywa maji ya bomba kwa niaba yetu mpaka yamwagike masikioni."

Injini ilikuwa imeshawashwa, mkuu wa kambi akaja na kusimama nyuma ya lori. Akasema, "Wewe shuka."

Nikamwambia, "Mimi ndiye mgonjwa kuliko hawa wote."

"Najua. Sisi tunataka uende, unatumalizia dawa. Watu wako ndio hawakutaki. Wamesema wewe uwe wa mwisho kutoka."

"Nani kasema?"

"Uliza nyumbani."

Wakanishusha. Dereva aliwatukana matusi ambayo sijawahi kuyasikia, na nimekaa jeshini. Nafasi yangu akapewa mwingine mwenye mkono uliovunjika.

Wiki iliyofuata mguu uligeuka rangi. Daktari wao alikuja na sindano ya ganzi isiyotosha. Hakuwa mtu mbaya, aliomba radhi kabla. Dereva alinishika kichwa akanihadithia jinsi ya kushusha injini ya lori, nati kwa nati, mpaka ikaisha. Nilipozinduka alikuwa anairudisha. Daktari akasema ningefika hospitali ya kweli pamoja na lile lori, mguu ungebaki.

Shangazi, umenipiga, umeninyima, umenichagulia maisha. Kunidanganya hujawahi. Kwa hiyo nakuuliza na najua utanijibu. Nani alisema niwe wa mwisho?

Na mdogo wangu yuko wapi?

Mwanao.


Nyumbani, 2 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Huku mvua zimechelewa. Paa la nyuma halijapata hata tone la kulijaribu.

Ni mimi.

Baraza liliponishinda, nilisimama nikasema jambo moja tu: mtoto wa kaka yangu awe wa mwisho. Awe majeruhi, asiwe majeruhi. Hakuna aliyebisha, walifurahi kuona mtu anajiumiza bure. Sikiliza sababu zangu, halafu unichukie kwa hizo na si kwa nyingine. Ungetoka wa kwanza, kila mama aliyebaki na mtoto huko angesema mwenyekiti kamtoa wake. Na wangesema kweli, hata kama ni daktari ndiye aliyekuweka mbele. Baada ya hapo nikisimama kuzungumza juu ya vita, juu ya bajeti, juu ya chochote, wangeangalia viatu vyangu. Mimi sina mali nyingine zaidi ya kwamba nikisema kitu watu wanajua sikulipwa kukisema.

Sikujua habari za mguu. Nimezijua kwa barua yako. Ningejua, sidhani ningebadilisha. Nimejaribu kujiambia ningebadilisha, sikuweza.

Mdogo wako hayupo hapa. Hajakuwepo tangu Februari. Alisimama nje ya lango la bunge pamoja na mama wa wenzako, ameshika bango lenye picha yako, ile uliyopiga na joho. Gari langu likapita. Jioni nikamwambia nyumba hii ina msimamo mmoja, achague. Alichagua haraka kuliko nilivyodhani. Alichukua begi moja akaacha kitanda kimetandikwa. Sijui anaishi wapi. Nilipokuandikia Aprili kwamba nyumbani salama na yeye ana shughuli zake, sikuwa nakudanganya kwa makusudi. Niliandika kwa mazoea, halafu sikuifuta.

Unasema sijawahi kukudanganya. Sasa unajua ilikuwa mara ngapi.

Shangazi yako.


Ghalani, 27 Septemba

Shangazi,

Sitaandika shikamoo.

Huku tumebaki wawili, mimi na Dereva. Sajenti na Mpishi walitoka na fungu la tatu. Baada ya hapo ndege zetu zikalipiga daraja, na mazungumzo yakafa siku hiyohiyo. Mkuu wa kambi alisema ni kamati yako iliyoomba lipigwe. Alisema bila hasira, kama anayesoma ramani. Dereva alikuwa apande lori la tatu, akamwachia Mpishi nafasi kwa sababu nani angenibeba? Kwa hiyo ukitaka kujua bei ya kiti changu cha mwisho, mguu wangu si bei yote.

Ana mke na mtoto ambaye hajamwona. Tangu daraja lipigwe hanihadithii tena injini.

Juzi mkuu wa kambi alikuja na kiti chake akakaa. Akasema redio yao inataka sauti yangu. Nikisoma, mimi na Dereva tutapelekwa nchi ya tatu, huru, chini ya shirika la msaada. Nikamwambia sitasoma uongo dhidi ya nchi yangu.

Akasema, "Nani kakwambia uongo? Soma barua za shangazi yako."

"Niongeze nini?"

"Usiongeze kitu. Mimi ni mwalimu. Najua insha iliyokamilika nikiiona."

Nilikataa mpaka nilipomwona Dereva anatazama ukuta. Hakuniomba. Angeniomba, pengine ningeendelea kukataa.

Nimezisoma zote, Shangazi. Paa, yai, piano, kilima, lango la bunge, na lile jibu lako la maneno mawili. Zimerekodiwa kwenye chumba chenye mablanketi ukutani, na mafundi wao walikuwa wanacheka mwanzoni. Kwenye barua ya Julai waliacha kucheka. Mmoja alitoka nje.

Mpaka hii ikufikie utakuwa umekwisha kusikia. Nilitaka watu wakujue. Sikutaka kingine. Nilitaka ukipita na gari lako mtu yeyote barabarani aweze kukuambia ulivyo.


Wizarani, 8 Novemba

Mwanangu,

Salamu. Kama unavyoona juu ya karatasi, nimehama ofisi. Hii ina madirisha mengi mno na zulia linalomeza hatua za watu, siwasikii wanapoingia.

Nilikusikia. Nilikuwa chumbani kwangu na redio ya jikoni. Umesoma vizuri. Pale kwenye "nchi hainunui watu wake" ulipumua mahali panapostahili, na nikakumbuka ni mimi niliyekufundisha kusoma kwa sauti.

Ulitaka watu wanijue. Wamenijua. Redio ile ilisikika kwenye saluni, kwenye vituo vya mafuta, kwenye foleni za hospitali. Siku ya pili yake mama yake Sajenti alisimama mbele ya kamera, yule ambaye mdogo wako alishikana naye mikono nje ya lango, akasema, "Huyu alimtoa wangu, akamwacha wake." Alikuwa analia. Picha ile imezunguka nchi nzima. Baada ya hapo waziri wa ulinzi hakuwa na pa kusimama, na kiti chake nimekikalia mimi. Waliokuwa wananiita katili sasa wananiita katili kwa kunisifu. Ungeniuliza kabla, ningekuambia usisome. Hujui watu wetu wanapenda nini.

Sasa jambo lenyewe. Ofisa aliyesoma maandishi kwenye redio ya adui wakati wa vita ana kesi ya kujibu mahakama ya jeshi. Mashtaka yako yaliletwa mezani kwangu nikiwa sijamaliza siku tatu hapa. Ningeweza kuyafuta kwa mstari mmoja, na kwa sababu hiyo ndiyo sikuyafuta. Nimeyasaini.

Dereva alikamatwa mpakani alipovuka kurudi kwa mkewe. Wanasema alikuwepo chumbani ukisoma, na akafaidika. Anasema yeye alikuwa amekusindikiza tu, kwa kuwa huwezi kutembea peke yako. Namwamini. Kuamini si kazi yangu hapa. Atakaa ndani mpaka mshtakiwa wa kwanza apatikane, na mshtakiwa wa kwanza ni wewe.

Uko nchi ya watu, uko huru, hakuna anayeweza kukugusa. Ukibaki huko nitakuelewa. Sitakuwa na la kukuambia, lakini nitakuelewa.

Shangazi yako.


Hosteli ya shirika, 1 Desemba

Shangazi,

Hapa nina chumba chenye sinki na dirisha linaloangalia karakana ya baiskeli. Wamenipa mguu wa mbao na ngozi. Yule mama wa shirika, yule wa leso, ndiye aliyenitafutia. Ndiye aliyempata mdogo wangu pia. Anafanya kazi kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali, mikono imebabuka kwa dawa, na usiku anajifunza kuigiza na wenzake kwenye stoo ya kanisa. Ameniandikia kurasa tisa. Hajakutaja, ila mahali pamoja, anauliza kama bado unakula umesimama.

Nimekaa na barua yako muda. Nilicheka kwanza, nikuambie ukweli. Nilikurushia jiwe, ukalijengea ngazi.

Halafu nikamfikiria Dereva. Mtoto wake hajamwona hata leo, wamemchukua palepale mpakani. Ningeweza kubaki hapa. Nimejaribu. Niliamka nikaenda karakana kuomba kazi, mwenye karakana akanipa gurudumu ninyooshe, nikawa namsikia Dereva kichwani ananihesabia nati. Nikalirudisha gurudumu.

Narudi. Si kwa sababu yako, si kwa sababu ya nchi, na usiniwekee hotuba mdomoni. Tarehe kumi na tano, saa nne asubuhi, nitavuka kwa miguu kwenye lango la forodha na kujikabidhi. Umeandika kwa mkono wako kwamba akipatikana wa kwanza, huyo mwingine anatoka. Nataka atoke saa hiyohiyo, nikimwona.

Nikifungwa, nifungwe. Nikiulizwa nilisoma nini, nitasema nilisoma barua za mzazi wangu, na kila neno ni lake.

Mdogo wangu atanipokea. Wewe usije.


Wizarani, 16 Desemba

Mwanangu,

Nilikuja.

Sikushuka. Waziri akishuka inakuwa ziara, zinaletwa kamera. Gari liliegeshwa upande wa jengo la forodha, vioo juu. Dereva wako alitolewa kwenye kibanda saa nne na dakika chache, kama nilivyoagiza. Niliona ulivyosimama katikati ya barabara ukangoja mpaka akupite, na niliona alivyokataa kupita akakukumbatia mpaka askari wakageukia pembeni. Askari aliyekuja kukufunga pingu alikupigia saluti kwanza. Nimeuliza jina lake. Sitamfanya kitu.

Mdogo wako amekonda. Alikuwa na koti la kiume, sijui la nani. Alipomaliza kukushika uso alitazama upande wa gari langu, akatazama kwa muda. Vioo vile ni vyeusi, aliyeko nje haoni ndani. Niliinua mkono hata hivyo, kisha nikamwambia dereva wangu tuondoke.

Kesi yako ni Jumatatu, mbele ya majaji watatu ambao sikuwachagua mimi. Sitaitwa na sitapiga simu. Mwanasheria wa kukutetea ni wa serikali. Nimesoma kazi zake, ni mvivu, msome yeye kabla hajakusoma wewe.

Huo mguu wa bandia ni mrefu. Unainua nyonga kila unapokanyaga, nilikuona tangu mbali. Mwambie fundi wa gereza aukate kwa chini, si kwenye ngozi. Ukiuacha hivyo utapindisha mgongo, na mimi nataka Jumatatu usimame wima.

Shangazi yako.